Mfumo Unasema Hupo

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili, na mama yangu hadi leo anawaambia majirani kwamba nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Niliandika barua mwenyewe, nikairudia mara nne, nikaipeleka. Sasa nafuga sato kwenye vizimba upande wa Kamanga, na uzuri wa sato ni kwamba hawahitaji nywila.

Tatizo ni ninyi. Kila mwaka vijana mnaokwenda mafunzo kwa vitendo mnanipigia simu: "Kaka Kulwa, wametupa kazi ya kujaribu skripti za akaunti, tuanzie wapi?" Basi naandika mara moja, msome wote, mniache nilishe samaki. Nawaonya mapema kwamba miaka saba ya kazi ile imeniachia maswali mengi kuliko majibu, na mengine yamezidi kuvurugika kadiri ninavyoyafikiria.

Kazi yenyewe ni hii. Nilikuwa kwenye chuo cha afya hapa Mwanza, juu ya mawe, jina nalihifadhi. Kila mwaka ofisi ya udahili ilituletea orodha ya wanafunzi wapya. Skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate yenyewe, ilisoma orodha mstari kwa mstari. Ilimfungulia kila mtu akaunti, ikampangia nywila ya kwanza, ikamtumia kwa meseji. Mimi kazi yangu ilikuwa kuijaribu kabla haijagusa watu wa kweli. Sikuiandika. Aliyeiandika ni Baraka, kijana wa Dar ambaye kwa miaka yote saba nilimjua kwa sauti tu.

Aliyenifundisha ni mkuu wa kitengo, Mama Kemilembe, mama wa Bukoba aliyevaa miwani puani badala ya machoni. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea orodha ya watu wa majaribio niliowatunga mwenyewe: Juma Ali, Asha Juma, Mtu Mmoja, Mtu Mwingine. Akaisoma yote.

"Hawa ni akina nani?"

"Watu wa majaribio, mama."

"Wana adabu mno. Umewahi kukutana na watu kama hawa pale sokoni Igoma?"

Akachukua kalamu akaongeza jina moja chini: Ng'wandu. Nikaendesha skripti. Ilipofika kwa Ng'wandu ilikufa palepale, kwa sababu ya ile alama ndogo inayokaa juu baada ya g. Nikampigia Baraka.

"Mwanangu, hako kadude hapo juu hawawezi kukatoa?"

Mama Kemilembe alikuwa anasikia. Akaisogelea simu. "Baraka baba, nitazunguka Usukuma wote nikawaombe wazee wabadili majina ya koo. Nitawaambia skripti yako imechoka."

Ilirekebishwa kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo la kwanza mlichukue hapo: jaribuni kwa majina ya nyumbani kwenu. Wekeni mtu mwenye jina moja tu. Wekeni mwenye majina matano. Wekeni watu kumi waliozaliwa tarehe moja mwezi wa saba, maana ndiyo tarehe wanayopewa wote ambao mama zao wanakumbuka tu kwamba zilikuwa siku za kuvuna pamba. Zamani nywila ya kwanza ilitokana na tarehe ya kuzaliwa. Hebu fikirieni wenyewe ni watu wangapi walikuwa na ufunguo mmoja.

Niliposema hilo, Baraka akabadilisha, nywila zikawa herufi na namba za kubahatisha. Nikafurahi. Kesho yake kukawa na foleni dirishani hadi kwenye ngazi, kwa sababu sifuri na herufi O zilikuwa zinafanana kama punje za mchele. Tangu hapo nilijiwekea kipimo changu: nampigia mtu simu yenye mtandao mbovu, namsomea nywila ya mfano. Akiuliza "umesema nini?" zaidi ya mara moja, hiyo nywila haifai. Kipimo hicho hakimo kwenye kitabu chochote nilichosomeshwa chuo kikuu. Nashangaa hadi leo kwa nini hakimo.

Mama Kemilembe alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: mjaribu asijue kamwe nywila ya mtu wa kweli. "Ukiijua, siku mambo yakiharibika utakuwa wa kwanza kuulizwa, na hutakuwa na jibu." Ya pili: akaunti isiundwe kwa mkono. Zamani watu waliingizwa kwa mlango wa nyuma, mpwa wa fulani, shemeji wa fulani. Skripti iliwekwa ili mlango ubaki mmoja.

Niliuliza maswali juu ya amri zote mbili. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza hata kwa nini zisiwe tatu. Aliniambia niende nikajaribu skripti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Ofisi ya udahili ilikuwa na tabia ya kutuma orodha, kisha kuituma tena ikiwa na masahihisho. Jina lilikosewa, wamelirekebisha, wanatuma upya. Skripti ya Baraka, ikiona jina limebadilika kidogo, ilidhani ni mtu mpya, ikafungua akaunti ya pili. Mwaka mmoja mwanafunzi mmoja alikuwa na akaunti tatu na hakujua aingie kwa ipi. Nikaandika ripoti ndefu, nikajisifu kidogo. Nikaomba skripti ijifunze kumtambua mtu hata kama jina lake limesahihishwa. Namba ya mtihani ya kidato cha nne ingefaa, lakini kwenye fomu kila mtu aliiandika kwa namna yake, wakubwa wakasema isitumike. Tukakubaliana hivi: mistari miwili ikiwa na jina moja la ukoo, tarehe moja ya kuzaliwa na namba moja ya simu, huyo ni mtu mmoja. Mstari wa pili ni masahihisho ya wa kwanza. Skripti ibadilishe jina na itume nywila mpya.

Niliijaribu kanuni hiyo mara nyingi. Ilipita kila mara. Niliweka saini.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya wanafunzi wapya kuthibitisha nafasi zao. Saa kumi jioni mfumo unajifunga wenyewe, na nafasi ambayo haijathibitishwa anapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Hakuna barua ya kuomba huruma. Mama Kemilembe alikuwa Bukoba msibani, simu yake imezimwa. Saa saba na kitu akaja binti dirishani, sketi imelowa chini kwa maji ya ziwa, maana alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga.

"Shikamoo."

"Marahaba." Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ile marahaba iliniuma mgongo kama mzee.

"Naitwa Doto Mabula. Nimekuja kuthibitisha nafasi yangu, akaunti haifunguki."

Nikatafuta. Nikatafuta tena. "Mfumo unasema hupo."

Akaniangalia. "Nipo hapa."

"Namaanisha kwenye mfumo. Naona Kulwa Mabula."

"Huyo ni pacha wangu. Yeye amethibitisha jana."

Hapa ndipo ninapojionea aibu. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuuliza, nikaanza kumuuliza kama askari. Mna tarehe moja ya kuzaliwa?

"Kaka, sisi ni mapacha." Foleni nzima ikacheka.

Na namba ya simu?

"Ya mama. Simu nyumbani iko moja."

Meseji ya nywila ilikuja mara ngapi?

"Mbili, moja baada ya nyingine. Tukasema ya kwanza yangu, ya pili yake, maana mimi ndiye niliyetangulia kupeleka fomu. Yangu ikakataa. Yake ikafunguka."

Nikawaza: mmoja kachaguliwa, mwingine anajipenyeza. Akanipa barua ya udahili, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, ina muhuri. Nikawaza muhuri unaweza kuchongwa. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi kwangu kumshuku binti aliyesimama mbele yangu kuliko kuishuku skripti niliyoitia saini. Nimejiuliza hilo miaka sita. Nikaenda ofisi ya udahili kuangalia orodha yenyewe, nikitarajia kumkamata.

Mistari ilikuwa miwili. Doto Mabula. Chini yake Kulwa Mabula. Ukoo mmoja, tarehe moja, simu moja. Skripti ilimfungulia Doto akaunti, ikashuka mstari mmoja, ikamsahihisha akawa Kulwa.

Nikarudi dirishani. Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na wewe kaka, unaitwa nani?"

"Kulwa."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kulwa! Doto wako yuko wapi?"

Swali hilo nimeulizwa tangu nikiwa mdogo. Ukiitwa Kulwa Usukumani, jina la pacha anayetangulia kuzaliwa, hata muuza dagaa atakuuliza Doto wako yuko wapi. Bibi alisema nimerithi jina la babu, yeye ndiye aliyekuwa pacha. Nilipomuuliza mama kama ni kweli, alisema, "Kula ugali wako." Nilimuuliza zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa ugali uleule.

"Sina," nikamwambia. "Jina nilirithi."

"Basi ndiyo maana," akasema.

Ndiyo maana nini? Sikuuliza. Mimi, mtu wa kuuliza.

Nikatengeneza orodha ya mstari mmoja, Doto Mabula, nikaendesha skripti. Ikaandika: imefanikiwa, akaunti moja imesahihishwa. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu nilipoona neno la mwisho. Haikusema imeundwa. Nikatafuta. Doto Mabula alikuwepo. Kulwa Mabula hakuwepo tena.

Nikapiga namba ya mama yao, Sengerema. Akapokea pacha mwenyewe.

"Ofisi ya chuo? Mbona imekuja paswedi nyingine na jina langu halipo?"

Nikampa Doto simu. Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwenye foleni. "Doto! Nimekutuma ukajitafute, umenipoteza mimi!"

"Si mimi, ni kaka wa hapa."

"Mwambie anirudishe!"

"Akikurudisha napotea mimi."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo anafikiria."

Nilikuwa sifikirii. Nilikuwa nimechanganyikiwa kama mtu anayefukuza kuku wawili kwenye mlango mmoja. Nilimpigia Baraka.

"Mwanangu, skripti iko poa. Si wewe uliyeomba ifanye hivyo?"

"Ni mimi."

"Na ukajaribu."

"Nikajaribu."

"Sasa shida nini?"

"Wako wawili, Baraka."

Nikamsikia akibonyeza kibodi. Kisha akasema kubadilisha kanuni ni dakika kumi, lakini kuijaribu ni hadi Jumatatu, na bila saini ya Mama Kemilembe haigusi laivu, yaani mfumo wenye watu wa kweli. Alisema kweli. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kusema hivyo.

Saa tisa na nusu. Doto alikuwa amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani, anaangalia saa ya ukutani kama vile saa ndiyo itakayomhukumu.

Mashine ilikuwa inalinganisha vitu vitatu. Ukoo sikuweza kuugusa, ni wa baba yake. Tarehe ya kuzaliwa itaandikwa kwenye cheti chake, ukiidanganya leo itamfuata hadi kazini. Ikabaki simu. Yeye hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo mfukoni.

Kwanza nikamrudisha pacha wake kwenye akaunti, kwa simu ya mama yao, uthibitisho wake ukiwa palepale. Kisha nikaandika mstari mwingine: Doto Mabula, tarehe ileile, na mwisho namba yangu mimi. Nikabonyeza.

Akaunti moja imeundwa.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ndugu Doto Mabula, nywila yako ya kwanza ni. Niliisoma yote. Amri ya kwanza ya Mama Kemilembe ilivunjika hapo, kwenye kiganja changu. Amri ya pili sijui. Je, niliunda akaunti kwa mkono? Skripti ndiyo iliyoiunda. Lakini mkono ulikuwa wangu, na simu yangu. Niliiambia mashine uongo ili ikubali ukweli, na sijapata mtu wa kunieleza hesabu hiyo inatokaje.

Nikampa Doto kiti changu. Akaingiza ile nywila, mfumo ukamwambia aweke yake mpya. Akageuka.

"Geuka, kaka."

Nikageuka nikaangalia ziwa. Kivuko kilikuwa kinarudi. Nyuma yangu nilisikia vidole vikibonyeza polepole, herufi moja moja, kisha "Tayari." Zilikuwa zimebaki dakika nane.

Jumatatu nilimweleza Mama Kemilembe kila kitu. Aliniuliza swali moja tu. "Watu wako wa majaribio, kulikuwa na mapacha?"

"Hapana, mama."

"Na wewe unaitwa nani?"

 Aliniandikia barua ya onyo kwa mkono wake, akaipiga muhuri, akanipa. Kisha akafungua mkoba akanipa mfuko wa senene wa kukaanga aliotoka nao Bukoba. Barua mkono huu, senene mkono huu. Hadi leo sijui alitaka nipokee kipi kwanza. Wiki hiyohiyo alilazimisha namba ya mtihani itumike, ofisi ya udahili ikafundishwa kuiandika kwa namna moja, Baraka akabadilisha kanuni. Nikaijaribu kwa mapacha, kwa watatu, kwa ndugu wa baba mmoja na mama wawili waliozaliwa siku moja. Ilipita.

Lakini namba yangu ilibaki pale. Mwaka wa pili Doto alinunua simu yake, nikamwambia apite ofisini tuibadilishe.

"Acha, kaka Kulwa. Tusiiguse. Nisije nikapotea tena."

"Haiwezekani sasa. Kanuni imebadilishwa. Nimeijaribu mwenyewe."

"Hata ile ya kwanza uliijaribu mwenyewe."

Mnaosoma mambo haya, mkipata jibu la sentensi hiyo mnipigie. Mimi sikulipata. Kwa hiyo kwa miaka mitatu meseji zake zilikuja kwangu. Ndugu Doto, ratiba ya mitihani imetoka. Ndugu Doto, kesho uripoti wodi ya watoto. Ndugu Doto, umefaulu. Nilizituma kwake moja moja. Wakati mwingine nilizisoma kabla ya kuzituma, na siku ile ya "umefaulu" nilipiga kelele ofisini hadi Mama Kemilembe akavaa miwani vizuri.

Niliacha kazi miaka miwili baada ya yeye kumaliza. Mkitaka sababu, ni neno moja. Kila skripti ilipoandika "imefanikiwa", nilianza kuuliza: imefanikiwa kwa nani? Mjaribu akiuliza hivyo kidogo ni mjaribu mzuri. Akiuliza hivyo kila mara, saini haitoki. Mwishoni saini zangu zilichukua wiki. Sijui kama nilikuwa nimekuwa mjaribu bora au nilikuwa nimeharibika. Labda ninyi mtajua mahali pa kusimama.

Mwezi uliopita, nikiwa mwaloni Kamanga, pale mitumbwi inapotia nanga, nasubiri chakula cha samaki, simu ikatetemeka. Ni chuo. Wanawatafuta waliohitimu. "Ndugu Doto Mabula, tafadhali tujulishe uko wapi kwa sasa." Nikamtumia. Akajibu baada ya saa nzima: waandikie Misungwi, wodi ya wazazi, leo tumepokea watatu na wa nne yuko njiani.

Nilikuwa bado naangalia simu pale mama mmoja muuza dagaa, mgeni pale mwaloni, alipomsikia mpagazi akiniita jina. Akageuka na beseni lake.

"Kulwa? Doto wako yuko wapi?"

Mdomo ulishajiandaa kusema sina, kama siku zote.

"Yuko Misungwi," nikasema. "Wodi ya wazazi. Leo wamepokea watatu."

"Kumbe unaye."

Sikumsahihisha.